Sindano ya Kila Asubuhi

Tulisafiri siku nne juu ya magunia ya sukari, na kwa siku zote nne mama yangu alikalia upande mmoja tu. Lori liliporuka kwenye mashimo, abiria wengine walishika kamba na vyuma. Yeye alilishika paja lake la kulia kwa mikono miwili, kama mtu aliyepakata chungu kilichojaa. Tulikuwa tumetoka Kitwe, kwenye machimbo ya shaba ya Kopabeti, ambako baba yangu aliangukiwa na mwamba chini ya ardhi. Baba mdogo, ndugu yake wa tumbo moja, alikuja kutuchukua. Kwa desturi ya kwao mjane na mtoto hurudishwa nyumbani kwa marehemu, na ndugu wa marehemu huwapokea wote wawili wawe wake. Nilikuwa na miaka saba hivi. Nilidhani tunakwenda kutembea.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya spiriti. Juzijuzi, katika mji ambao nao sitakaa sana, muuguzi alinipaka begani pamba yenye spiriti, na kabla sindano haijanigusa nilikuwa nimeshasimama mlangoni. "Mtu mzima hivi unaogopa sindano?" aliniuliza, akicheka. Sikuwa naogopa. Harufu ile ndiyo iliyokuwa ikiniamsha kila asubuhi nilipokuwa mtoto, kabla ya moshi wa jikoni na kabla ya jogoo, nami nilidhani ndivyo mama wote wanavyonukia.

Nilimwita Mayo, kama watoto wa Kibemba wanavyowaita mama zao, kwa kuwa yeye alikuwa Mbemba. Alikuwa na kopo la chai lenye kifuniko. Ndani yake mlikuwa na bomba la sindano la kioo, sindano mbili za chuma, chupa ndogo yenye mpira mdomoni, pamba, na kichupa cha spiriti. Sindano ikianza kuwa butu aliinoa kwenye jiwe laini, akiijaribu kwenye ukucha. Chupa ya dawa aliifunga kwa kitambaa kibichi, na kila tulipopita mto alikilowesha upya. "Dawa hii ikipata joto inakufa," aliniambia. "Na bomba hili ukilivunja, umenivunja mimi." Niliwahi kulichezea mara moja tu, huko Kitwe. Alinichapa kofi ambalo mpaka leo nikipiga mwayo naona taya linanikumbusha.

Asubuhi ya kwanza njiani, dereva aliposimama kunywa chai, Mayo alikwenda nyuma ya kichaka na kopo lake. Aliporudi, Baba mdogo alivuta hewa puani.

"Una nini, shemeji?"

"Sukari."

"Sukari gani?"

"Ugonjwa wa sukari. Imezidi kwenye damu. Nisipojichoma sindano kila siku, nakufa."

Baba mdogo aliyatazama magunia tuliyokalia, akayapiga kwa kiganja. "Basi ugonjwa wako tumeukalia, shemeji! Tunaupeleka Tunduma ukauzwe madukani!"

Lori zima lilicheka, na Mayo naye akacheka. Mwanamke mmoja tu aliyenyonyesha hakucheka. Alilitazama kopo, akamfunika mtoto wake uso.

Tunduma wakati huo ilikuwa maduka machache ya bati, kizuizi cha barabarani, na upepo. Toka pale tulitembea saa tatu hadi kwenye boma la Bibi, mama yake baba. Bibi alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Alinishika kichwa, akanigeuza huku na huku, akalia kwa sababu nilikuwa na masikio ya baba yangu, kisha akafuta machozi na kusema, "Mume wangu amerudi. Amerudi mdogo, lakini nitamlisha." Huo ndio utani wa bibi na mjukuu, kila mtoto wa kiume pale alikuwa mume wa bibi yake. Lakini mimi sikuwahi kuitwa hivyo, na neno lile lilinipanda kichwani. Nilikula naye sahani moja. Alinikatia vipande vya chumvi toka chemchemi za Ivuna, ya kijivu, iliyofungwa kwenye majani, nivilambe kidogo kidogo huku miguu yangu iko mapajani mwake.

Mayo hakupata hata neno moja la utani. Bibi alimwita "mkamwana", yaani mke wa mwana, na kumwonyesha alipotakiwa kulala. Shangazi, dada yake baba, ambaye alikuwa ameachika na kurudi nyumbani, alimchunguza toka kichwani hadi miguuni akasema, "Wifi, mbona unatembea kama una kitu kati ya miguu? Au huko Kopabeti ndiyo madaha?"

"Paja linauma, wifi."

"Likiuma si utembee polepole? Wewe unatembea kwa siri."

Lazima nieleze jambo moja kuhusu watu wale na sindano, maana asiyelijua atadhani walikuwa wajinga, na hawakuwa wajinga. Miaka ya nyuma kulikuwa na buba katika vilima vile, vidonda vilivyowala watu nyayo, pua, na midomo. Waganga walishindwa. Kisha akaja dresa wa serikali, mfunga vidonda, na baiskeli yake na sanduku, watu wakapanga mstari toka alfajiri, kila mmoja akachomwa sindano kwenye tako, na baada ya wiki akachomwa ya pili. Vidonda vikakauka kama uyoga juani. Bibi alikuwa mmoja wao. Alitembea kwa magoti miaka mingi, na baada ya sindano mbili akasimama. Alikuwa na kovu la sindano ile kwenye nyonga, gumu, kubwa kama harage, na alipofurahi aliligusa juu ya kitenge kama mwingine anavyogusa msalaba shingoni. Kwa hiyo hawakuipinga sindano. Waliiamini kuliko sisi tunavyoiamini leo. Sindano mbili, na mtu amepona. Ndivyo walivyoiona kwa macho yao.

"Mume wangu," Bibi aliniuliza siku moja, akinitoa funza mguuni. "Mama yako amechomwa sindano mara ngapi?"

"Kila siku."

"Kila siku tangu lini?"

"Tangu nilipopata akili. Asubuhi na asubuhi."

Mkono wake ulisimama na mwiba hewani. "Mimi buba ilinila mpaka mfupa ukaonekana," alisema polepole. "Sindano mbili. Ni ugonjwa gani huo unaochomwa sindano elfu na haupoi?"

Sikujua. Nilichojua ni mapaja ya Mayo. Nilikuwa nayaona kila asubuhi, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kumshikia pamba. Paja la kushoto, alilolitumia mwanzo, lilikuwa limebonyea vishimo, kama shamba lililong'olewa karanga. La kulia lilikuwa kinyume chake. Lilikuwa na vinundu, kimoja kikubwa kama yai la kuku, vingine vidogo kukizunguka, kama matuta ya viazi. Akijaribu kujichoma mahali papya, mkononi au tumboni, ngozi ilivimba nyekundu na kumwasha siku nzima, akajikuna mpaka damu. Kwa hiyo alirudi kwenye nundu lile kubwa. "Hapa pamekufa ganzi," aliniambia. "Hapa hapaumi tena." Nesi wa misheni ng'ambo ya mpaka, ambako tulikwenda kwa miguu kila mwezi kuchukua chupa, alimfokea. "Nimekwambia ubadilishe mahali, mama! Ukichoma hapo dawa inalala, haiendi kokote." Mayo alisema ndiyo mukwai, kwa heshima ya Kibemba, akarudi nyumbani, akachoma palepale.

Dawa inalala. Nililishika neno hilo. Nikamwambia Bibi, "Kuna kitu kimelala kwenye paja lake. Anakilisha kila asubuhi."

Bibi aliacha kunitoa funza. Shangazi, aliyekuwa akipepeta ulezi pembeni, naye akaacha. Sijawahi tena maishani mwangu kusikilizwa vile. Hata kuku naona walinyamaza.

"Umekiona?" Bibi aliuliza.

"Nimekigusa."

"Kikoje?"

Kilikuwa kigumu na baridi kidogo, basi. Lakini macho yao mawili mawili yalikuwa yananingoja, na jibu hilo lilikuwa dogo mno kwa macho yale.

"Kilisogea," nilisema.

Bibi alinipa bonge zima la chumvi. Kawaida alikuwa akinikatia.

Siku ya tatu baada ya hapo walimkamata Mayo mtoni. Nilikuwa nimekwenda naye kuchota maji. Wanawake kama watano hivi walikuwa wanafua, Shangazi akiwa mbele yao, na Mayo alipoinama walimshika mikono, wakamlaza kwenye mawe na kumfunua.

"Msimwumize!" nilipiga kelele, lakini hata mimi nilisogea kuona.

"Haya tazameni," Shangazi alisema. "Hili limeliwa, na hili limeshiba."

"Limebonyea, mama wee! Kinakula huku kinalala huku."

"Wifi, kinaitwa nani? Kina jina?"

"Kinaitwa kaka yako!" Mayo alimtemea. "Muulize kama anajibu!"

Lilikuwa jibu la hasira ya mtu aliyelazwa uchi juu ya mawe, wala halikuwa na maana nyingine. Lakini kabla maji ya kufulia hayajakauka, boma zima lilishajua kwamba mjane amekiri kwa mdomo wake kuwa kitu kile alikilisha roho ya mumewe. Kwa nini mwamba uliwaacha wanaume wengine kumi ukamwangukia yeye? Huko Kopabeti, walisema, watu hufuga nyoka anayemeza roho za jamaa ili mwenye nyoka anenepe. Wengine humweka chini ya kitanda. Huyu amemweka karibu zaidi.

Kikao cha ukoo kilikaa asubuhi, uvunguni mwa kihenge, ghala la ulezi lililoinuliwa juu ya nguzo. Mayo aliketi chini, upande wake uleule. Mzee mkubwa wa ukoo, mjomba wake Bibi, alizungumza bila hasira yoyote, na ndiyo maana naikumbuka sauti yake.

"Zamani shauri kama hili lilikuwa jepesi," alisema. "Mtu alikunywa mwavi. Akitapika, ni msafi, anachinjiwa mbuzi. Akifa, tumejua. Sasa serikali imekataza mwavi."

"Serikali imekataza kumpa mtu kitu akinywe," Bibi alisema. "Haijakataza kumnyima."

Watu waliligeuza neno hilo. Kisha mzee akaanza kutikisa kichwa kwa kukubali, taratibu, kama mtu anayeonja mboga na kuona chumvi imekaa sawa.

"Siku saba," alisema. "Siku saba bila sindano. Kama ni dawa, mwanangu, siku saba hazikuui. Mtu hafi kwa kukosa dawa siku saba. Kama ni kitu, kitasikia njaa, kitatoka chenyewe, na wewe utabaki mzima. Tutakushukuru na kukuchinjia."

"Siku saba sitazifika," Mayo alisema.

"Hilo nalo litakuwa jibu."

Mayo alimgeukia Baba mdogo. "Shemeji, ulikaa nami kwenye lori siku nne. Uliona nini?"

Baba mdogo, aliyetakiwa kumrithi, alikuwa na wiki tatu akilala kwa rafiki yake. Aliangalia vidole vya miguu yake. "Niliona kopo," alisema.

"Njia ya kwenu iko wazi," Bibi alimwambia Mayo. "Hatumfungi mtu. Nenda kwenu Ubemba na kitu chako, leo hii. Ila mtoto ni wetu. Mtoto anabaki."

Nilikuwa nimekaa kati ya magoti ya Bibi. Mayo alinitazama. Misheni ilikuwa mwendo wa asubuhi moja. Angeondoka wakati ule, angeishi. Nilimtazama na mimi, nikilamba chumvi, na nakumbuka vizuri nilichokuwa nafikiri. Nilikuwa nafikiri kwamba akiondoka nitaendelea kulala kwa Bibi, ambako kulikuwa na joto.

"Nitabaki," Mayo alisema.

Alikwenda chumbani akaleta kopo, akaliweka miguuni mwa mzee. Halikuwa na kitu cha maana. Ndani mlikuwa na bomba lake la zamani lenye ufa na chupa tupu. Lile zima alikuwa ameshalizika pamoja na dawa, sindano, pamba na spiriti, alfajiri ileile, ndani ya mtungi wenye mchanga mbichi kwenye migomba ya mtoni, na alikwenda nami ili nijue pa kumwagia maji mchanga usikauke. "Hili ni la mimi na wewe," aliniambia. "Hata Bibi. Hata akikuita nani." Kwa siku mbili tulikwenda mtoni mapema, tukarudi na ndoo, na Mayo akatwanga mtama kama kawaida. Watu walianza kumtazama kwa aina nyingine. Siku ya pili jioni Baba mdogo alikuja akala nyumbani, akamwambia, "Shemeji, mboga yako tamu." Nadhani zingepita siku tano nyingine kama zile ningekuwa naandika habari tofauti.

Siku ya tatu Bibi alinishika mkono kuniosha tope, akauinua puani.

"Mume wangu. Mkono wako unanuka nini?"

Niliuvuta mkono nyuma.

"Mimi si mtu mbaya," Bibi alisema. Aliketi chini ili uso wake uwe sawa na wangu. "Baba yako alitoka hapa," akajigusa tumbo. "Mama yako simchukii. Nakichukia kile. Wewe ndiye uliyekigusa, wewe ndiye unayejua kinavyosogea. Kinamla. Si umeona lile paja lingine? Tukikinyima, kitakufa chenyewe, na mama yako atanenepa, atatembea vizuri. Unataka apone, au hutaki?"

Hapa ndipo watu wa rika langu wataniambia kwamba mtoto wa miaka saba hana kosa. Labda. Lakini kosa si kwamba nilitishwa, maana hakuna aliyenitisha. Kosa ni kwamba nilikuwa nimeshaanza kuuamini uongo wangu mwenyewe. Tangu siku ile nilipousema, kila asubuhi nilipomshikia pamba niliona kama kweli kinapumua chini ya ngozi. Nilikiogopa. Nilitaka kife. Nikamshika Bibi mkono nikampeleka mtoni, nikamwonyesha mgomba.

Mtungi ule aliutundika juu ya jiko lake, kwenye boriti ambapo mbegu za mahindi hukaushwa kwa moshi, ili kila mtu auone.

Mayo hakunipiga. Aliponiona narudi na Bibi alielewa, akakaa chini mlangoni, akasema tu, "Unajua ulichofanya?" Nikasema, "Tunakiua, Mayo. Utapona." Akalegeza mikono yake mapajani, akavitazama viganja. Baadaye aliinuka akashika njia ya kuelekea mpakani, nami nikamfuata nikimlilia, "Usiniache, Mayo, usiniache!" mpaka akageuka, akarudi nyumbani. Hilo nalo nililifanya mimi.

Alianza kunywa maji. Alikunywa ndoo nzima na kuomba nyingine. Alitoka nje kila mara, na pale alipokojoa nyuma ya nyumba sisimizi walikuja, safu ndefu nyeusi toka kichuguu cha mbali, wakajaa mahali pale. Ni sukari tu, leo najua. Shangazi aliwaita majirani waje kuona. "Tazameni, kinaita watoto wake!" Siku iliyofuata pumzi ya Mayo ikageuka tamu, kama ndizi zilizoiva kupita kiasi, na akawa anaongea kilevi. "Amepata wapi pombe wifi yangu?" Shangazi alicheka. "Mwenye njaa ni nyoka, anayelewa ni yeye!" Mimi niliipenda ile harufu. Nilimlalia kifuani nikiinusa, nikadhani ni utamu wa kupona.

Alitapika. Akawa anavuta pumzi ndefu, nzito, kama mtu anayepanda mlima akiwa amelala. Asubuhi ya siku ya sita, watu wote wakiwa shambani kuvuna ulezi, alifungua macho akanitazama bila kunijua, akaniita kwa jina la baba. Ndipo nilipoelewa. Nilikimbia jikoni kwa Bibi, nikapanda juu ya jiwe la kusagia, nikaushusha mtungi. Mchanga ulikuwa umekauka, wa moto. Chupa ilikuwa imeshika masizi. Nilipoiinua juani, yale maji angavu yalikuwa na mabonge meupe ndani, kama maziwa yaliyokatika.

Nilijua maana yake. Ikipata joto inakufa; niliambiwa mimi, si mwingine. Hata hivyo niliifanya kazi yote kama nilivyoiona ikifanywa kila siku ya maisha yangu. Nilipaka spiriti. Nilivuta dawa, nikagonga bomba kwa ukucha mapovu yapande. Nilichoma kwenye nundu lile kubwa, pasipouma, kwa sababu sikutaka kumwumiza. Nikasukuma mpaka mwisho.

Kisha niliweka kiganja changu juu ya nundu, nikangoja kisogee.

Niliomba kisogee. Kama kingekuwa nyoka kweli, ningekishukuru. Kilikuwa kigumu na baridi kidogo, kama siku zote. Jua lilipofika juu ya kihenge, pumzi za Mayo zilikwisha, na mimi bado nilikuwa nimeweka mkono.

Wanawake walimwosha. Sikufukuzwa, nilikuwa nimekaa pembeni nimeshika mtungi. Shangazi alikuwa amejifunga kitambaa puani na kushika kijiti, akingoja kitu kitoke. Walipomgeuza, akalibonyeza nundu kwa ncha ya kijiti. Toka kwenye kitundu nilichokichoma mimi, tone dogo lilitoka, likateremka pajani.

Shangazi alilitazama. Aliligusa kwa kidole, akakisugua na kidole kingine, akanusa.

"Maji," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Mama, ni maji tu."

"Endelea kuosha," Bibi alisema.

Tangu siku ile Bibi hakuniita tena mume wangu. Aliniita kwa jina langu la ubatizo, kama mwalimu. Alinilisha, alinivisha, alinipeleka shule ya misheni na kunipiga nilipotoroka. Kwa wajukuu wengine utani uliendelea. Watu wa boma walisema jambo limethibitika, kitu kimekufa na mwenye nacho, na hawakulizungumza sana baadaye, maana walikuwa na ulezi wa kuvuna na watoto wa kuozesha. Shangazi peke yake ndiye aliyeacha kwenda mtoni pamoja na wengine. Alichota maji yake mchana, peke yake. Mimi nilikulia pale miaka saba. Nilicheza, nilicheka, nilipenda mandazi ambayo Baba mdogo alituletea toka soko la Mlowo. Mtoto haachi kuishi. Ila sikuweza kulala mahali pamoja kwa raha, na mpaka leo siwezi.

Siku niliyoondoka nilikuwa nimechaguliwa kwenda kusoma mbali, na nilijua sitarudi hata likizo. Bibi alisisitiza kunisindikiza hadi Tunduma, saa tatu zile, ingawa nyonga ilikuwa inamsumbua na ilibidi apumzike kila kilima. Tulipofika kwenye lori, alinikabidhi kifurushi cha majani, na kwa uzito wake tu nilijua ni chumvi. Nilikwisha panda juu ya magunia aliponishika kifundo cha mguu.

"Siku ile," alisema. Hakuhitaji kusema siku gani. "Uliniambia kilisogea."

"Ndiyo, Bibi."

"Kilisogea?"

Alikuwa mzee sana kwa ghafla. Neno moja lingemtosha, na lilikuwa neno nililokwisha wahi kulisema. Nisingepoteza kitu kulisema tena. Dereva aliwasha injini.

"Hapana," nilimwambia. "Hakikusogea kamwe."

Hakuachia mguu wangu mara moja. Mkono wake mwingine ulikwenda kwenye nyonga, juu ya kovu lile, ukakaa hapo. Nilidhani atalia au atanilaani, na vyote viwili nilivitaka.

"Basi usimwambie mtu mwingine," Bibi alisema. "Mimi na wewe tunatosha."

Akauachia mguu. Lori liliondoka, nami nikakalia upande wangu wa kushoto, nikalishika paja langu la kulia.